Kopo Namba Kumi na Nne

Chuo cha Biashara cha Kongo,
Kawangware, Nairobi.
7 Mei 1984

Kwako Suad Fadlalla,

Nakuandikia kwa ile taipureta uliyoivunja herufi ya k mwaka wa sabini na tisa. Kila k utakayoiona humu nimeijaza kwa kalamu, na uone mwenyewe lugha yetu ilivyo na k nyingi. Mke wangu Wacera anakusalimu. Bado anafundisha hati mkato asubuhi, mchana anawapikia wanafunzi githeri ya mahindi na maharagwe, na saa zote ananirekebisha mimi.

Sitazunguka. Unajua kiwanja hiki baba alituachia wawili, mimi na ndugu yangu Ishmael. Upande mmoja ana duka lake lenye simu, upande wa pili nina chuo. Sasa Ishmael anataka kujenga vyumba vya kupanga upande wangu pia. Anasema vyumba havifungi likizo mwezi wa Agosti. Tumekubaliana mbele ya mchungaji: wanafunzi wakifika thelathini kabla ya Januari, chuo kinabaki. Wasipofika, nampisha. Leo ninao kumi na tisa. Wengine wamekimbilia vyuo vya mjini vyenye lifti, ingawa wanaotoka huko hata kufunga bahasha hawajui.

Nikakumbuka kwamba nina mtu London. Wewe uko kwenye dawati la Afrika la shirika ambalo magazeti na redio za dunia nzima zinachukua habari zake. Waandishi wao wakifika huku kwetu wanapiga picha ya mtaro, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kutuuliza swali moja la biashara, na sisi ni chuo cha biashara! Nataka tufahamiane nao. Wakituandika, wanafunzi watakuja.

Humu ndani kuna barua rasmi kwa mhariri wako, kurasa nne, zikieleza maisha yangu tangu kuzaliwa, na picha yangu nikiwa na tai. Nimemwalika awe mgeni wa heshima siku ya zawadi, tarehe ishirini Julai. Mwambie tutamchinjia mbuzi mmoja na kumpa mwingine akiwa hai, aende naye.

Ni mimi mwalimu wako,
Naftaly Gachanja


London,
26 Mei 1984

Mwalimu wangu mpendwa,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye ngazi, koti sijavua. Zile k zako zilinichekesha hadi jirani akafungua mlango aone kuna nini. Nilijisikia niko kwenye benchi la mbele pale Kongo, na wewe umesimama nyuma yangu unagonga meza na rula.

Ulitufundisha kwamba karani akiona barua mbaya amrudishie mwenyewe na kumweleza. Basi nakueleza. Mhariri alisoma ukurasa wa kwanza, akarukia wa mwisho, akaniuliza: "Huyu mtu ananipa mbuzi kwa nini?" Nikamwambia ndiyo heshima ya mgeni kwetu. Akacheka kidogo. Kumbe aliwahi kukaa Nairobi miaka mitatu, akakalishwa meza ya mbele kwenye harambee nyingi za kuchangisha pesa, na kila mara alitoka mifuko imegeuzwa nje. Kwa hivyo mbuzi anaona ni wa kumlainisha, na kile kiti cha mgeni wa heshima anaona ni cha kumkamua. Tena hapa tumekatazwa kupokea chochote, hata kalamu.

Mwalimu, usikasirike. Kwenye hili dawati barua za kujisifu zinakuja kwa magunia. Vyuo vikubwa vya biashara vya Ulaya na Amerika vinaleta picha za majengo yao, nazo zinaishia kwenye pipa. Anayesikilizwa ni yule anayejua kitu ambacho sisi hatukijui. Mimi mwenyewe si mkubwa hapa, napiga taipu na kutafsiri, lakini karatasi zote zinapita mkononi mwangu.

Ukipita Lindi, pale Kibera, nisalimie mama. Bado anauza mahindi pale kwenye kona, na kila barua ananiambia mambo ni sawa tu.

Wako,
Suad


Kawangware,
15 Juni 1984

Kwako Suad,

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne Wacera akaniambia kama nimemaliza kunung'unikia mbuzi, mbuzi mwenyewe ana njaa, nikamlishe. Basi nimemlisha na nimenyamaza.

Lakini juzi jioni redio ya ng'ambo ilitangaza, na nadhani habari ilitoka kwenu, kwamba ingawa mvua imekosekana, bei ya mahindi Nairobi haijapanda. Darasa zima liliangua kicheko. Mwanafunzi wangu Lusweti alicheka mpaka akaanguka na benchi lake. Nani aliwaambia hivyo? Ofisi ya serikali, bila shaka, na ofisi haikusema uongo. Bei haiwezi kupanda, imefungwa, na atakayeipandisha atabebwa na kanjo, askari wa jiji. Kinachopanda ni kitako cha kopo.

Gorogoro unaijua, lile kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia ambalo kila muuza mahindi anapimia. Siku hizi linapelekwa kwa fundi wa mabati, kitako kinagongwa kikaingia ndani. Mahindi yanamiminwa juu, kopo linaonekana limejaa hadi kilele. Bei ni ileile, ila mteja anafika nyumbani na chakula pungufu.

Sisi tunajua kwa sababu tunapima. Tangu uondoke, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi darasa la Biashara linatoka. Wanafunzi wanapita mitaa ya Kongo, Kianda mpaka Lindi, wananunua gorogoro moja moja kwa wauzaji kumi na sita walewale, kama wateja wengine. Wakirudi tunamimina kila moja kwenye kopo la shule, ambalo halijawahi kuonja nyundo, halafu tunapima kwa rula mahindi yamepungua kiasi gani toka ukingoni. Kisha Wacera anayapika. Utafiti wetu tunaula mchana uleule, ndiyo maana siku hiyo hakuna anayeumwa.

Nina majedwali ya miaka minne kwenye sanduku chini ya kitanda. Sikuyataja kwa mhariri kwa sababu niliona mtu mzima wa London nitamwambiaje habari za makopo.

Naftaly


London,
4 Julai 1984

Mwalimu!

Kurasa nne za maisha yako, na kopo ukaliacha chini ya kitanda!

Nilimtafsiria mhariri barua yako, ile sehemu ya kopo. Aliweka kikombe chini akaniambia nisome tena. Halafu akaniuliza maswali saba, nami nikayaandika yote saba nikuulize wewe. Tafadhali leta jedwali la mwaka huu. Nusu ukurasa tu. Sema mlipima lini, wapi, nani alipima na kwa kitu gani. Halafu useme wazi ni nini ambacho HAMJUI, maana ndilo jambo la kwanza atakalotafuta. Usiandike "kwa heshima na taadhima". Usimtaje mbuzi.

Nimefurahi hadi usingizi umenipotea. Watu hapa wanasomesha uchumi kwa vitabu vizito namna hii, na wewe umelisha darasa zima kwa somo lenyewe. Sijui kwa nini sikuwahi kukuambia kwamba kila kitu ninachokijua cha kazi nilikipata kwenye chumba chako cha mabati.

Suad


Kawangware,
21 Julai 1984

Kwako Suad,

Jedwali ni hili. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili na nusu, Wacera akachukua kalamu nyekundu. Nusu ukurasa uliobaki ni wake, makosa ni yangu.

Januari, mahindi yalipungua robo inchi kwa wastani. Julai, inchi moja na robo. Kopo lina urefu wa inchi sita na kitu, kwa hivyo mama aliyekuwa akilisha watoto watano kwa gorogoro moja sasa analisha wanne, na wa tano anasubiri. Hatujui hali ilivyo kwenye maduka makubwa, hatujapima. Hatujui kama magunia yenyewe yanafika yakiwa kamili. Hatujui mambo ya miji mingine.

Wauzaji utawaona kwa namba, moja hadi kumi na sita. Hayo tulikubaliana na wanafunzi siku ya kwanza kabisa, kwa sababu wengi wetu hao wauzaji ni mama zetu, shangazi zetu na wapangaji wetu. Kitabu chenye majina ninacho mimi na hakitoki hapa.

Siku ya zawadi ilipita jana bila mgeni wa heshima. Nilimkalisha Wacera kwenye kile kiti na akapewa zawadi, kwa maana ndiye aliyestahili tangu zamani. Wanafunzi sasa ni ishirini na mmoja. Ishmael anapita kila asubuhi akiwahesabu kwa kidole, anajifanya anaangalia mabati.

Naftaly


London,
6 Agosti 1984

Mwalimu wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea.

Mhariri amelipenda jedwali. Anasema miaka yake yote hajaona ukame ukielezwa kwa inchi akauelewa namna hii. Anataka kuandika makala kubwa, jina la chuo likiwa juu, na jina lako, na maelezo ya darasa. Itasambazwa kwa magazeti na redio kila mahali. Ndicho ulichokuwa ukikitaka, Mwalimu! Utafika thelathini, utafika hata sitini.

Kuna jambo moja tu. Makala inahitaji mtu. Ameona namba kumi na nne, wa Lindi, amepunguza inchi mbili nzima, theluthi ya kopo, kuliko wote. Anataka jina lake, na mpigapicha wetu wa Nairobi aende akampige picha na kopo lake mkononi. Bila hivyo, anasema, ni hesabu tu. Anahitaji jina kabla ya mwisho wa mwezi.

Jina moja, Mwalimu. Niandikie mara moja upatapo hii.

Suad


Kawangware,
18 Agosti 1984

Kwako Suad,

Jina sitatoa.

Yule mama hakutupa jina lake tulitangaze. Alituuzia mahindi. Mwambie mhariri aulize lolote analotaka kuhusu kopo, rula, tarehe, hata kuhusu mimi, nitajibu siku hiyohiyo. Hili hapana.

Wanafunzi ni kumi na wanane. Wacera anakusalimu.

Naftaly


London,
31 Agosti 1984

Mwalimu,

Nimemwambia mhariri. Alichukua jedwali akaliweka chini ya karatasi nyingine, na ninakijua kitendo hicho, nimekiona mara nyingi.

Nitasema yaliyo moyoni, unisamehe. Mimi ndiye niliyekusimamia hapa. Nilijitia mbele ya watu ambao hata jina langu wanalitamka kwa shida, nikawaambia kuna chuo Kawangware ambacho mnapaswa kukisikiliza. Walinisikiliza. Sasa naonekana mtu wa maneno matupu. Na wewe unapoteza chuo kwa sababu ya nani? Mtu anayewapunja majirani zake theluthi ya chakula katika mwaka wa njaa! Mtu wa Lindi kwetu, labda anampunja hata mama yangu. Nimemwandikia mama nikamweleza yote, nikamwambia kuna mwizi hapo karibu yake anafichwa na mwalimu wangu, ajihadhari naye.

Ulinifundisha kazi, na nitakuheshimu daima. Lakini hili sikuelewi.

Suad


Lindi, Kibera,
17 Septemba 1984

Suad binti yangu,

Anayeandika ni Wangoi, msichana wa chuo cha Mwalimu Naftaly, anakaa hapa nyuma kwa Mama Akeyo. Ndiye hunisomea barua zako. Macho yangu unayajua na shule yangu unaijua. Nimemwambia aandike vile nasema, asinitengenezee. (Naandika vile anasema. Wangoi.)

Barua yako ya hasira ilifika Jumanne. Wangoi akasoma vizuri, akafika mahali umeandika mwizi, akakunja karatasi. Nikamwambia soma. Akaanza kulia. Nikamuuliza, we unalia nini, kwani mwizi ni wewe? Akasema, Mama Suad, mimi ndio hununua kwako kila mwezi. Kumbe mimi mama yako nilikuwa nafikiri huyu mtoto anapenda tu mahindi yangu.

Namba kumi na nne ni mimi.

Ngoja, usiseme kitu. Gunia linafika kwangu limeshapungua debe zima, na wa lori ukimuuliza anakwambia chukua ama uwache. Nikipandisha bei, kanjo wananibeba mbele ya watu. Basi bei ikikataa kupanda, nikapandisha kitako. Mara ya kwanza nilimwambia fundi gonga kidogo tu. Mwezi ukaisha nikamwambia gonga tena. Ukizoea hata huoni. Wauzaji wote wa hii laini walikuwa wanagonga, lakini mimi niligonga kuwashinda, na nilikuwa nakuandikia mambo ni sawa. Naona aibu, Suad. Naona aibu sana.

Kesho yake nilivaa nguo yangu mpya ya gurbaba, nikafunga kopo kwa leso, nikatembea mpaka Kongo. Nilitaka kumwambia Mwalimu atoe jina, liandikwe, mimi nimeshakuwa mzee, watanifanya nini? Nikakuta mawe yamemwagwa mlangoni kwake. Wangoi akaniambia ni mawe ya Ishmael ya kujenga vyumba, yameletwa kabla hata Januari haijafika. Mwanangu, yule mtu angesema jina langu mara moja tu, hayo mawe yangerudi. Alikuwa anayaruka kila asubuhi akienda kufundisha, na hakusema.

Aliponiona alisimama, akafuta kiti kwa kitambaa chake mwenyewe. Nikamwambia, Mwalimu, mimi ndio namba kumi na nne. Akaniambia, hapa leo hakuna namba, kuna mgeni. Wacera akaleta chai. Nilifungua leso nikamwonyesha kopo. Akaliangalia, akanirudishia, akaniuliza habari zako, kama unakula vizuri huko kwenye baridi.

Sasa kaa umwandikie huyo mtu, umwombe msamaha. (Amesema "huyo mtu" halafu ametoa machozi. Wangoi.)

Mama yako,
Zeinabu Taha


London,
2 Oktoba 1984

Mwalimu,

Nimekaa na barua ya mama siku mbili bila kujua nianzie wapi. Nilimwita mama yangu mwizi kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nikakulaumu wewe uliyekuwa umetufunika sote wawili. Nisamehe. Sina neno kubwa kuliko hilo, na kama lingekuwepo ningelitumia.

Siku ya tatu niliingia kwa mhariri. Nikamwambia, namba kumi na nne sasa ninamjua. Akachukua kalamu. Nikamwambia, na mimi pia sitakupa jina lake. Nilifikiri hapo natafuta tikiti ya kurudi Nairobi. Akaweka kalamu chini akasema: "Hicho chuo chenu kinawafundisha hivi?" Nikasema ndiyo, hati mkato asubuhi na hili mchana.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliniambia miaka yake mitatu Nairobi kila mtu alimletea majina, na mengi yalikuwa ya maadui zao. Hakuwahi kukutana na mtu aliyekuwa na haja kubwa ya kuandikwa akakataa kulipia kwa mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo, alisema, hata inchi zake naziamini. Akalitoa jedwali lako chini ya makaratasi.

Makala inatoka bila jina la muuzaji na bila picha. Jina la chuo litakuwepo. Tena anaomba jedwali la kila mwezi, mpaka njaa hii iishe na hata baadaye. Kabla ya kuchapa atapiga simu mwenyewe kuhakikisha. Nimempa namba ya duka la Ishmael. Nisamehe na hilo pia.

Nina swali moja. Ulijua tangu lini kwamba ni mama?

Wako, mwenye haya,
Suad


Chuo cha Biashara cha Kongo,
Kawangware,
5 Novemba 1984

Kwako Suad, binti yetu,

Usiniombe tena msamaha, umenimalizia kitambaa cha mkononi. Nikupe habari kwa utaratibu, kabla Wacera hajachukua kalamu nyekundu.

Simu ililia dukani Jumatano asubuhi. Ishmael akaipokea, akasema umekosea namba, akaweka. Ikalia tena, akaweka tena. Mara ya tatu nilimwona ndugu yangu, mzee wa kanisa, anakuja mbio juu ya mawe yake mwenyewe, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope. "Naftaly! London wanauliza mnapima na rula gani!" Nilimwambia mhariri ni rula ya mbao, ya inchi kumi na mbili, imemeguka kona moja, na ndiyo maana tunaanzia inchi ya pili. Akaniambia asante kwa hiyo kona. Tuliongea dakika kumi na moja. Ishmael alikuwa amesimama nyuma yangu na kiatu mkononi, hakukivaa mpaka nilipoweka simu.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni redio ilikuwa juu ya kaunta ya duka, watu wamejaa hadi barabarani. Mtangazaji alilitamka jina la Kawangware vibaya mno, lakini alilitamka. Akasema wanafunzi wa Chuo cha Biashara cha Kongo wamepima njaa ya Nairobi kwa kopo na rula, na ofisi zilizokuwa zikisema bei haijapanda sasa zinaulizwa maswali. Lusweti alianguka na benchi tena, safari hii akishangilia. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mawe nikalia kidogo. Nakwambia wewe tu.

Tumeandikisha thelathini na wanne. Wawili wametoka kwenye vyuo vile vya lifti. Ishmael anasema mawe yanatosha kujenga darasa la pili, kwa sharti moja, awe mwenyekiti wa bodi. Hatuna bodi. Nimemwambia tutaunda.

Uliuliza nilijua tangu lini. Tangu Machi; kabla ya hapo kitabuni alikuwa Zeinabu wa Lindi tu. Wangoi alirudi na mahindi yakiwa yamefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la London lenye mwandiko wako pembeni, nikajua yametoka kwa nani. Niliandika namba kumi na nne, nikafunga kitabu.

Lakini usinipambe kupita kiasi, kwa hiyo nakuambia na hili, ambalo hata mama yako halijui. Barua yako ya tarehe sita Agosti nilipoipata, nililiandika jina. Nililipiga kwa taipureta hii, nikabandika stempu, nikaenda mpaka posta. Nilisimama kwenye foleni. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja anamtumia mwanawe kifurushi, akamwomba karani amwandikie anwani, akasema polepole, asije akakosea: "Ni mtoto wangu, yuko mbali." Nikatoka kwenye foleni. Ile barua niliitia kwenye jiko la githeri, na Wacera akaniuliza nachoma nini, nikasema k zimezidi. Ndiyo sababu barua uliyopata ilikuwa fupi vile. Niliogopa nikiandika zaidi jina lingenitoka.

Mama yako alimrudia fundi yuleyule, akamwambia agonge kutoka ndani. Kitako kimerudi chini. Bei ameipandisha kidogo na kila mteja anamweleza kwa nini, wanamnung'unikia, halafu wananunua. Anasema kanjo wakija atawapa kopo wapime wenyewe. Mahindi ya njano kutoka Amerika nayo yameanza kufika, na gunia limepata nafuu.

Jedwali la Novemba limo humu, nusu ukurasa. Mengi bado ni mabaya, usiyalainishe unapotafsiri. Ila shuka hadi mstari wa kumi na nne. Wangoi alipomimina kwenye kopo la shule, mahindi yalifika ukingoni, yakapita, yakamwagika mezani, na darasa zima likainuka kuyaokota. Sikujua niandike nini kwenye safu ya upungufu, maana huwa ni ya inchi tu. Nikaandika: limejaa. Mchana huo githeri ilibaki, tukampelekea Ishmael.

Mwalimu wako,
Naftaly Gachanja